Kichochoro Hakipigwi kwa Droni

Kijana yeyote aliyekulia Amu, yaani mji wa Lamu, ana kipimo chake cha kuhukumu video ya muziki iliyopigwa kwao, nacho ni maji. Ubeti wa kwanza msanii anatembea gatini, maji yamejaa hadi kwenye ngazi. Kiitikio kinaingia, yuko palepale na kanzu ileile, lakini mashua nyuma yake zimelala ubavu kwenye tope. Ubeti wa pili, maji yamerudi. Wimbo wenyewe hauzidi dakika tatu na nusu. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita, kwa hiyo kwa hesabu ya video hiyo bwana huyu ameshinda gatini kutwa akimlilia mpenzi. Mtazamaji wa Nairobi haoni kitu. Huku barazani watu wanacheka hata kabla hawajausikiliza wimbo.

Kosa la maji ni dogo, ila linafichua jinsi kazi ilivyofanywa. Dairekta ametua Manda kwa ndege, amevuka kwa boti, ana siku mbili, na kichwani amebeba picha alizokwisha kuziona kwenye video za wengine. Nahodha yeyote pale gatini angemwambia bure saa ya maji kujaa, na kama ni siku za bamvua, yaani za maji makubwa, angemwonya kwamba tofauti inafika kama mita tatu. Hakuulizwa. Video nyingi zinazopigwa Lamu, na nyingi za Malindi vilevile, zinauonyesha mji bila kuutumia. Mbinu zimeshafungwa mkobani tangu huko zilikotoka, na mji unawekwa nyuma ya msanii kama lile pazia lililochorwa minazi kwenye studio za picha za zamani.

Droni ndiyo fasheni, kwa hiyo nianze nayo. Zamani picha ya angani ilihitaji helikopta, na wasanii wenye ubavu huo walikuwa wa kuhesabu. Droni ndogo ziliposhuka bei, hata anayetoa wimbo wake wa kwanza akataka video ifunguke kwa juu: kamera inapita baharini, inapanda, mji wote unatandazwa. Sheria haijalegea kiasi hicho. Kwa kanuni za mwaka 2020, droni husajiliwa na kibali hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na uwanja wa ndege wa Manda uko ng'ambo tu ya mkondo. Lakini tuseme vibali vyote vipo. Tunaonyeshwa nini? Makuti, mabati, matangi ya maji na madishi ya televisheni. Mji mkongwe ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 sura yake haiko juu. Mafundi walioujenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko waliuelekeza ndani. Uzuri wameuweka pale jicho la mtu anayetembea linapofika: mlango wa kuchonga, daka, kile kibaraza cha mlangoni, lenye viti vya mawe huku na huku, zidaka (vishubaka) zilizopangwa ukutani, wikio lililovuka juu ya mtaa ili wanawake watoke nyumba hii waingie ile bila kuonekana na wapita njia. Droni ikipita juu ya wikio inaona paa moja zaidi, basi.

Kuna na suala la adabu. Kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba ya Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, kiko wazi kwa juu kwa sababu aliyekijenga hakumtarajia jirani wa angani. Ukuta mnene, mlango uliogeuzwa kidogo usitazamane na wa pili, vyumba vinavyozidi kujificha kadiri unavyoingia ndani, vyote hivyo ni kazi ya karne nyingi ya kumzuia mgeni asichungulie. Halafu mtu anarusha mashine yenye kamera juu ya darini ambako mabinti wamefungua nywele, na anaita picha hiyo “ya kuutambulisha utamaduni wetu”.

Siipingi droni kila mahali. Marafa, bara ya Malindi, ambako mmomonyoko umechonga udongo mwekundu na mweupe ukawa minara, picha ya juu ina la kusema. Mashamba ya chumvi ya Gongoni vilevile, na vilima vya mchanga vya Shela kivuli cha alasiri kinapoanza kulala. Hizo ni sehemu pana, na upana ndio habari yake. Kichochoro habari yake ni wembamba.

Baada ya droni huja slomo, ile picha ya mwendo wa polepole. Wasiojua inavyofanywa huenda wakadhani ni kuivuta video iliyokwisha kupigwa. Ikifanywa sawasawa, kamera hurekodi fremu 50 kwa sekunde, kisha video inachezwa kwa fremu 25, na kila tendo linachukua muda mara mbili. Ili midomo ilingane na sauti, wimbo hupigwa kwenye spika kwa kasi maradufu na msanii anaimba mbiombio kama mtu anayegombana. Ikirudishwa, midomo inakwenda na wimbo sawia huku nguo, mchanga na moshi vikielea. Ni ujanja mzuri, na madairekta wanaupenda kwa sababu unampa heshima hata msanii asiyejua kutembea mbele ya kamera.

Sasa upeleke kwenye goma la Lamu. Wanaume wamejipanga safu, kanzu nyeupe, bakora mkononi, wanayumba polepole mno, na utamu wote uko katika kujizuia. Ukilipiga slomo, goma linasimama kabisa. Unabaki na picha ya wazee waliosimama foleni. Chakacha nayo inakosewa kwa upande wa pili, kwa kuwa raha yake ni namna kiuno kinavyokimbizana na ngoma, na slomo inaondoa mbio zote. Mbinu haina thamani yake peke yake. Inapewa thamani na wimbo. Mwaka 2002 kundi la Coldplay la Uingereza lilitoa video ya “The Scientist” inayokwenda kinyumenyume mwanzo hadi mwisho, na mwimbaji wake, Chris Martin, ilimbidi ajifunze kuimba wimbo wote kinyume ili midomo ifuate. Wimbo ule ni wa mtu anayetamani kurudi walikoanzia. Kinyumenyume kilikuwa kinasema kile kile. Video nyingi za kwetu ukiondoa slomo wimbo haupungukiwi chochote, na hapo ujue haikuwa na kazi.

Rangi nitazipitia haraka. Mtindo uliotawala ni kusukuma vivuli viende kwenye buluu ya kijani na ngozi iende kwenye machungwa, kwa kuwa rangi hizo mbili zinapingana na uso unajitokeza. Sawa. Lakini bahari ya Malindi wakati wa mvua ni ya hudhurungi, kwa sababu mto Sabaki, ambao huko bara unaitwa Athi, unamwaga udongo uliosombwa mamia ya kilomita. Mhariri haipendi, anaipaka buluu ya kadi za posta. Watu wa Mambrui wanaitazama bahari yao na hawaijui.

Afadhali tuzungumze mwanga, maana hapa ndipo Lamu inampa mpiga picha zawadi na yeye anaikataa. Ingia mtaa wa Mkomani asubuhi, kama saa tatu. Jua linagonga nusu ya juu ya ukuta wa magharibi, huku chini kukiwa na kivuli. Ukiiachia kamera ijiamulie, inaona ukuta mweupe, inapunguza mwanga, na uso wa msanii mweusi unakuwa giza lenye meno. Hapo wanaokuja na haraka zao huwasha taa ya betri na kummulika usoni mchana kweupe. Lakini ule ukuta wa chokaa ni rifleka tayari. Mpandishe msanii barazani upande wa pili, uso uelekee ukuta unaowaka, pima mwanga kwa shavu lake na siyo kwa ukuta, acha ukanda wa anga juu uungue kidogo. Mwanga unaoruka kutoka kwenye chokaa ni laini, una joto, na unafika hadi chini ya ukingo wa kofia. Hudumu saa moja, labda zaidi kidogo, kisha jua likifika utosini mtaa mzima unabadilika na itabidi uhamie ndani.

Lenzi nayo ina hila yake. Kwa kuwa mtaa ni mwembamba, wengi huchukua lenzi pana ili “kila kitu kiingie”, na wacheza densi watatu waliosimama bega kwa bega wanatoka na vichwa vilivyovutwa pembeni. Mtaa ambao punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu hautaki watu watatu bega kwa bega. Unataka mmoja nyuma ya mwingine, kwa kina, wa mbele akiwa wazi na wa nyuma akipotelea kivulini. Nashangaa pia kwamba hakuna aliyeona kitu kilicho dhahiri: fremu ya simu, ile ya kusimama wima ambayo wapiga picha wakubwa huidharau, ina umbo la kichochoro cha Lamu hasa. Kuta mbili, mtu katikati, ukanda wa anga juu. Fremu ya televisheni ndiyo inayolazimisha kujaza pembeni. Vijana wa Langoni wanaojipiga kwa simu wakipita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, wamepata, bila kukusudia, picha zinazokaa sawa kuliko za kamera za kukodi.

Hayo yote lakini ni ufundi wa jicho, na unaweza kufundishwa kwa wiki moja. Ugomvi wangu mkubwa uko kwenye maneno.

Wimbo wa mwambao, kuanzia taarabu hadi bongo fleva iliyotungwa vizuri, una desturi ya kulisema jambo kupitia jambo jingine. Mwimbaji anaimba ua, kumbe ni mke wa mtu. Anaimba chombo kisicho na nanga, kumbe ni bwana fulani aliyeketi safu ya mbele na mkewe pembeni. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, wengi wa mwambao walimjua kwa santuri tu. Sura za yale aliyoyaimba kila mmoja alijitengenezea mwenyewe, na pengine ya Lamu haikufanana na ya Zanzibar. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, aliketi na udi wake mapajani akaimba, na watu wakarudi nyumbani wakibishana alikuwa akimsema nani. Ubishi huo ni sehemu ya wimbo. Bila huo, taarabu ni ala nzuri tu.

Tazama sasa vichupa vyetu, yaani video zetu. Likitajwa ua, ua linaonekana. Kikitajwa chombo, chombo hicho, tena tanga lake linapepesuka ovyo kwa sababu kinakwenda kwa mashine na hakuna aliyejali upepo unatoka wapi. Yakitajwa machozi, mrembo anadondosha chozi. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Hapa mwerevu anaganguliwa kabla hajafungua mdomo. Na mhusika anapewa sura: mwanamume fulani mwenye gari, mwanamke fulani mwenye wivu, kwa hiyo mtazamaji hawezi tena kumweka jirani yake mahali pale. Wimbo uliokuwa na uwezo wa kuwachoma watu elfu unabaki unamchoma mwigizaji mmoja aliyelipwa posho.

Kwa fikra zangu picha ingetembea kando ya maneno isiyafuate nyuma. Tuchukue huo wimbo wa chombo kisicho na nanga. Usinionyeshe bahari kabisa. Nipeleke Matondoni, ambako mashua bado zinaundwa ufukweni, nionyeshe fundi anatia kalafati: pamba iliyotiwa mafuta imesokotwa kama utambi, anaibana kwenye mwanya kati ya ubao na ubao, anaigonga, anasogea kidogo, anaigonga tena. Kamera isiondoke kwenye mikono ile ubeti mzima. Mwimbaji analalamika juu ya chombo kinachopotea, na sisi tunatazama mtu anayeziba nyufa moja moja kwa subira. Hakuna aliyesema ndoa, wala aliyesema nani alivujisha nini. Kila mtu atajisemea mwenyewe, na ubishi utarudi barazani.

Wanaolielewa hili kuliko madairekta ni wapiga video wa harusi. Katika shughuli ya wanawake, ambako kamera hushikwa na mwanamke mwenzao kwa kuwa mwanamume haingii, mshika kamera mzoefu hamng'ang'anii mwimbaji. Anasubiri. Ubeti fulani ukiimbwa, mwanamke fulani atainuka, atajipitisha katikati ya ukumbi kwa madaha na noti mkononi, atamtunza mwimbaji, na akirudi kitini atapitisha jicho mahali. Kamera inamfuata aliyeinuka, kisha inageuka taratibu kule jicho lilikokwenda. Huo ni uhariri uliofanywa bila kukata, na maana yote ya wimbo imo katika mgeuko huo mmoja. Video hizo haziruki mtandaoni, na zisiruke, ni za wenyewe. Lakini mbinu yake haina siri: mwonyeshe anayesikiliza. Nyimbo zetu nyingi huimbwa kwa ajili ya mtu wa tatu, na mtu huyo wa tatu karibu haonekani kwenye video.

Mikato ndiyo inayomaliza kilichobaki. Mazoea ni kukata kwa kila pigo la ngoma. Wimbo wa mapigo 90 kwa dakika ukikatwa hivyo, kila picha inapata thuluthi mbili za sekunde. Mshororo mmoja wa sekunde nane unapasuliwa vipande kumi na viwili. Kwa wimbo wa klabu ni sawa, nani anajali. Kwa shairi la mizani kumi na sita, nane kwa nane, lenye kina cha kati na kina cha mwisho, ni ukorofi. Masikio yanangoja kina, macho yanasukumwa. Mhariri angekata penye kina cha kati mara moja, penye kina cha mwisho mara ya pili, na kituo akakiacha kizima, mtazamaji angelisikia shairi hata kama hajui jina la bahari yake, yaani aina ya shairi. Siyo ufundi mgumu, ila unamlazimu mhariri awe ameusikiliza wimbo kwa maneno yake, na wengi huwa wameuona tu kama mstari wa mawimbi kwenye kompyuta.

Kirumbizi kinateswa hivyo hivyo. Wawili wanaingia ulingoni na fimbo, zumari linalia, mmoja anarusha, mwingine anakinga, miguu inazunguka. Katika video unaona fimbo imeinuka, mkato, uso umekunjamana, mkato, vumbi. Pigo halifiki. Fred Astaire, mchezaji densi wa filamu za Marekani, alikuwa akidai apigwe mwili mzima, kichwa hadi kiatu, kwa kipande kirefu, ili mtu aone kwamba kweli anacheza. Wacheza kirumbizi wa uwanja wa Mkunguni, Lamu, wana haki ya kudai vilevile. Anayekinga anasoma bega la mwenzake kabla fimbo haijaondoka, na ukikata bega umekata mchezo.

Nitajibiwa kwamba soko ndilo linalotaka kasi, na kwamba Lamu ni ghali, kwa hiyo ukishafika lazima uonyeshe umefika. Hoja ya kwanza ina ukweli wake. Mtu akiona picha imetulia kwa sekunde kumi kidole kinaanza kuwasha. Lakini mwaka 1990 Sinéad O'Connor, mwimbaji wa Ireland, alitazamwa na dunia nzima katika video ya “Nothing Compares 2 U”, ambayo sehemu kubwa yake ni uso wake tu ukiimba mbele ya kamera. Hoja ya pili ndiyo inayonisikitisha, maana inageuza mji kuwa risiti. Msanii wa Malindi anavuka hadi Lamu kupiga mbele ya mlango wa kuchonga, wa Lamu anakwenda Malindi kupiga kando ya bwawa la hoteli, na wote wawili wanathibitisha kwamba walilipa.

Kama kuna dairekta anayesoma hapa na ana wimbo wa taratibu mkononi, nampa kazi moja. Aje wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari na mizigo haitalowa njiani. Apange nyumba moja ya zamani yenye kiwanda, aongee na wenyewe mapema, aseme wazi nani ataonekana na nani hataonekana. Msanii aketi kwenye mkeka ukingoni mwa msana, kile chumba kirefu kinachotazama kiwanda, mwanga wa kiwanda ukimjia ubavuni, zidaka nyuma yake zikififia gizani. Kamera moja juu ya miguu mitatu, wimbo mzima kipande kimoja, urudiwe hadi utulie. Spika iwe ndogo, kwa sababu kuta za mawe zinarudisha sauti na midomo itaanza kuchelewa. Saa tisa ikishapita mwanga unaanza kupanda ukutani, kwa hiyo vipande vya uso viwe vimekwisha. Na adhana ya alasiri ikilia, kazi isimame mpaka watu watoke msikitini. Msikiti huwa uko mlango wa tatu tu, na biti yenu inaingia hadi mihrabuni.